Sufuria Isirudi Kavu

“Mimi simudai Revokatus,” Mwanvua alisema, na haikuwa mara ya kwanza asubuhi ile. “Sikumukopesha hata faranga. Nilimuazima sufuria. Sasa munanipanga kwenye musururu wa wadai nifanye nini? Sufuria iko yangu. Nipeni, niende nipike.”

Aliyekuwa akipokea maneno hayo usoni ni Karoli, uisie, yaani yule mtu wa korti ambaye kazi yake ni kukamata mali ya aliyeshindwa kulipa, kuipiga mnada, kisha kuwagawia wanaomdai. Karoli alikwisha kuzoea kutukanwa. Anasikiliza matusi kama wengine wanavyosikiliza mvua juu ya bati, akingoja ipungue. Alimwomba Mama Sumaya atulie, maana ndivyo Mwanvua anavyoitwa Rumonge, kwa jina la binti yake mkubwa. Akamweleza kwamba kitu kikikutwa ndani ya uzio wa mdaiwa kinahesabiwa kuwa cha mdaiwa, mpaka mtu aonyeshe sivyo.

“Basi na wewe Karoli uko ndani ya uzio wake,” Mwanvua akamjibu. “Tukuuze?”

Watu walicheka, hata Karoli mwenyewe. Rachidi peke yake hakucheka. Huyo anauza mazuti, yaani dizeli, na Revokatus alikuwa amechota kwake bidoni kwa bidoni bila kulipa. Pembeni ya Rachidi alisimama mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Bujumbura, na mizani yake ya kuning’iniza begani. Tangu alipofika, mtu yule hakuangalia kitu kingine ila sufuria.

Na ilikuwa sufuria ya kuangaliwa. Uani kwa Revokatus, pembeni mwa njia ya kwenda Minago, mali iliyokamatwa ilipangwa mstari mmoja: mashine ya kukamulia mawese na moteri yake, mapipa, bidoni za njano, baiskeli bila kiti, kitanda, viti vya plastiki. Mwisho wa mstari, imekaa peke yake kama mama mkwe aliyekasirika, ndiyo sufuria ya Mwanvua. Alumini nene, mishikio miwili, tumbo la kutosha mbuzi mzima na viazi vyake. Mtaa wa Waswahili wanaiita Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa haikununuliwa dukani. Mwanvua alizaliwa Rumonge hapahapa, baba yake fundi cherehani, babu yake aliletwa na biashara kutoka upande wa Kongo akaona ziwa, akakaa. Alisoma mpaka darasa la sita, akaacha kwa sababu vita havingojei mtu amalize hesabu. Familia ikavuka hadi Kigoma, na huko mama yake akawa mpishi wa sherehe za wakimbizi na wenyeji. Mwenye kumlipa kwa mahindi, mwenye kumlipa kwa shukrani. Mwaka mmoja fundi wa kuyeyusha vyuma, ambaye alikuwa amepikiwa na mama huyo arusi nzima bila malipo, akakusanya vipande vya injini ya lori lililokufa, akavimimina kwenye udongo, ikatoka sufuria. Alimwambia, mama, hii ni mshahara wako na wa wajukuu zako. Hakusema uongo. Waliporudi Burundi, kila mtu alibeba alichoweza. Mwanvua na mama yake walibeba sufuria, kila mmoja na mshikio wake, na ndani yake wakamkalisha Sumaya, wakati ule hajajua kutembea.

Mama yake alipokufa alimwachia sufuria na kanuni mbili. Ya kwanza: sufuria ikiazimwa isirudi kavu. Aliyeazima ataweka kitu ndani, viazi viwili, kikombe cha mchele, hata chumvi, ili nyumba ilikotoka ijue kwamba imekumbukwa. Ya pili: iliyoyaona sufuria jikoni kwa watu, mwenye sufuria hayasemi. Utajua nani alipungukiwa nyama, nani alinunua mchele wa mkopo, nani aliwapa wakwe maharage akaita karamu. Vyote unavimeza. Kwa mwanamke mwenye ulimi kama wa Mwanvua, kanuni ya pili ndiyo iliyokuwa nzito. Anaweza kumkata mtu sokoni mpaka mtu asahau alichokuja kununua, lakini ya jikoni hajawahi kutoa.

Kwa sufuria hiyo ndiyo anakula. Arusi, matanga, kipaimara, akika, Waislamu na Wakristo, wote wanapita mlangoni kwake. Jumamosi iliyokuwa ikija kulikuwa na arusi Gitaza, alikwisha kupokea arbuni, na arbuni ilikwisha kuwa unga.

Sasa ilifikaje kwa Revokatus? Hapo ndipo Mwanvua mwenyewe alikuwa akijiuliza tangu habari ya mnada imfikie. Revokatus alikuwa mtu wa mambo mazuri. Mashine yake ilikamua ngazi, yaani mikungu ya michikichi, za wakulima wa Minago yote. Kisha mazuti yakaadimika nchini, mashine ikasimama, ngazi zikaoza uani, na madeni, kama kawaida yao, hayakuoza. Katikati ya balaa hilo mama yake mzazi akafariki. Siku ya kumaliza matanga mkewe, Anita, akaja kuazima Bi Mkubwa. Mwanvua akampa.

Wiki ikapita, na nyingine. Mwanvua akatuma mtu kuuliza. Anita akajibu kwa heshima kwamba sufuria iko salama, anamwomba dada yake amvumilie kidogo. Akatuma tena, jibu lilelile. Mwanvua akadhani ni uzembe. Halafu siku moja Revokatus akapanda gari la alfajiri. Wengine walisema yuko Nyanza-Lac, wengine walisema Kigoma, na mmoja aliapa amemwona Kalemie akiuza kadi za simu. Karoli alipokuja kufunga uzio alimkuta Anita na watoto. Akaonyesha kitu kimoja kimoja na kuuliza hiki cha nani. Alipofika kwenye sufuria, Anita aliangalia chini, hakujibu. Kesho yake akaondoka kwenda kwa wazazi wake, upande wa Nyanza-Lac.

Kunyamaza kule ndiko kulikomuuza Bi Mkubwa.

Mwanvua alipoona Karoli hatikisiki kwa matusi, akabadilisha njia, akaanza kuuliza. Alikuwa mtu wa kutaka kujua. Jambo likimshinda kwa makelele hulizunguka kwa maswali. Alivuta kiti kimoja cha plastiki kutoka kwenye mstari wa mali iliyokamatwa, akakikalia. Karoli alimwambia kiti hicho kimefungwa na korti.

“Mimi sikifungui, ninakikalia,” akasema. “Haya, nieleze. Pesa zikishatoka, munagawa namna gani? Kila mutu sawasawa?”

Karoli akamweleza, na kwa kuwa alimweleza vizuri, hata waliokuwa wakinung’unika walisogea kusikiliza. Kwanza zinatoka gharama za kukamata na kuuza. Kisha wafanyakazi wa mashine, mishahara yao iliyobaki. Hapo Yonasi, mkubwa wa wafanyakazi wale, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mashine na moteri zina mwenyewe wa kwanza, yaani mfuko wa akiba na mikopo, ambao mtu wake, Seth, alikuwa amesimama pale na wadai wengine, kwa sababu Revokatus aliviweka rehani kwao. Kinachobaki ndicho cha wale wengine, na hao hawagawani sawasawa. Aliyedai kingi anapata kingi, aliyedai kidogo anapata kidogo, kila mtu kwa kipimo cha deni lake, na hakuna atakayeshiba.

“Kwa nini wafanyakazi mbele?” Mwanvua akauliza.

“Kwa sababu mushahara ndio chakula cha mutu.”

“Na mimi mazuti yangu?” Rachidi akaingilia. “Bila mazuti, hao mikono yao ingekamua nini? Mate?”

Yonasi akamwambia mate yake Rachidi yangetosha kuendesha hata lori. Wakaanza kurushiana, na Karoli akangoja mvua ipungue.

Mwanvua hakuwasikiliza. Alikuwa amepata picha aliyoijua. Akaona ni kama kupakua arusini: wapishi wanaonja kwanza, wakwe wanapakuliwa juu kwenye nyama, wageni wa katikati wanapata viazi, na walio mwisho wa mstari wanakwangua ukoko. Rachidi yuko kwenye ukoko. Mwingine aliye kwenye ukoko ni Agnesi, muuza mawese wa sokoni, ambaye alimtangulizia Revokatus pesa za mapipa ambayo hayakuletwa. Na ukitoa kitu chochote kwenye mstari, ukoko unazidi kuwa mwembamba. Ndiyo maana Rachidi hacheki. Ndiyo maana mtu wa vyuma chakavu ameletwa. Bi Mkubwa ataning’inizwa kwenye mizani, atapigwa nyundo uani, na mwisho wa mwezi atakuwa visufuria vya kuchemshia chai Bujumbura.

Hilo lilimfanya asimame.

Karoli akamwambia njia iko. Kama wadai wote waliopo wakikubali kwamba sufuria si ya Revokatus, ataitoa kwenye mali leo hii. Hata mmoja akikataa, sufuria itauzwa, au Mama Sumaya aende kortini aombe isimamishwe, na korti ina mafaili mengi yanayongoja.

Seth alikubali haraka. Yeye shida yake ni mashine. Yonasi naye akakubali, kwa sababu alikuwa amekula kwenye sufuria ile mara nyingi na kwa sababu hampendi Rachidi. Rachidi akakataa. Alisema kwa utaratibu, si kwa ubaya, kwamba kila mtu anaweza kuja uani na kusema kitu fulani ni chake. Kesho shemeji ya Revokatus atakuja kudai kitanda.

Mwanvua akamwonyesha jeraha la ubavuni mwa sufuria, pale ilipoanguka kwenye forodha ya Kigoma. Rachidi akainama, akatazama, akasema jeraha kweli liko, hata yeye analiona, lakini jeraha halisemi jina la mwenyewe. Mwanvua akasema ana majirani watashuhudia. Rachidi akasema majirani wake ni wale wanaokula kwake. Mwanvua akamkumbusha kwamba akika ya mtoto wake wa mwisho ilipikwa ndani ya Bi Mkubwa.

“Mimi jikoni siingii, dada,” Rachidi akasema. “Niliona pilau. Sufuria sikutambulishwa.”

Hata Mwanvua alitaka kucheka hapo, lakini hakuwa na nafasi. Karoli akamgeukia akamuuliza polepole: kati ya hawa wanaomdai Revokatus, waliosimama hapa, hakuna aliyewahi kuazima sufuria hii kwa mkono wake mwenyewe? Mtu akisema neno linalopunguza chakula chake mwenyewe, Karoli alisema, yeye humwamini kuliko majirani mtaa mzima.

Alikuwepo. Agnesi alisimama karibu na mapipa, kitenge kimefungwa vizuri, mkoba begani, na tangu asubuhi hakuwa amesema neno.

Miaka iliyopita Agnesi alimwoza binti yake Eliana. Aliazima Bi Mkubwa, akaishika mishikio na Mwanvua, wakaipakia pamoja. Baada ya arusi sufuria ilirudi juu ya baiskeli ya mtu wa kukodi, imesuguliwa mpaka inang’aa, na ndani hakuna kitu. Hata chumvi. Mwanvua aliingiza mkono mpaka chini, kana kwamba macho yanaweza kukosea. Tangu siku ile wawili hao husema amahoro wakipishana sokoni, na amahoro hiyo haina amani yoyote ndani yake. Agnesi hakuja kueleza, na Mwanvua hakwenda kuuliza. Kila mmoja alikuwa na hakika kuhusu mwenzake: Mwanvua kwamba Agnesi ni mchoyo, Agnesi kwamba Mwanvua ameutangaza uchoyo huo mpaka Gitaza.

Neno moja tu lilihitajika. Sema, Agnesi, uliazima au hukuazima? Lakini ukishauliza hilo, watu watauliza na yaliyobaki. Ilirudi lini, ilirudi namna gani, kwa nini hamsalimiani. Siri ya jikoni itamwagwa uani mbele ya mtu wa mizani. Mwanvua alifungua mdomo, watu wakangoja ulimi wake, na kwa mara ya kwanza siku ile haukutoka.

“Walioazima wanajijua,” akasema, akakaa tena kwenye kiti cha korti.

Rachidi akapiga mikono. “Unaona? Hana mutu. Mimi na Mama Eliana tunadai mali yetu, na huyu Mama Eliana hajawahi kuomba hata kijiko cha mutu katika mji huu. Mwanamke mwenye vyombo vyake.” Akamgeukia Agnesi. “Ama sivyo, mama?”

Agnesi hakumtazama Rachidi. Alimtazama Mwanvua, akatazama nyuso za wengine mmoja mmoja, Yonasi, Seth, wanawake wa soko waliokuja kuchungulia. Alikuwa anatafuta kicheko. Alikuwa anatafuta yule ambaye atabana midomo kama anayejua. Hakumpata. Hakuna aliyejua. Mwanamke mwenye ulimi mrefu kuliko wote Rumonge alikuwa na neno hili mdomoni miaka yote hiyo, na hakulitema.

“Niliomba,” Agnesi alisema.

Rachidi akasema hakusikia.

“Niliomba. Arusi ya Eliana ilipikwa ndani ya sufuria hii. Ni ya Mama Sumaya, ninaijua mishikio, niliibeba. Na niliirudisha kavu sufuria hiyo.” Akavuta pumzi. “Wageni walikuja wengi kuliko tulioita. Hata ukoko walikula. Nilikwangua mwenyewe, nikatafuta kitu cha kuweka ndani, nyumba nzima hakukuwa na hata kiazi, na mchele nilikuwa nimechukua kwa deni. Nikasema, bora aibu irudi leo na chombo cha mutu kuliko nikae nacho kwangu nikisubiri niwe na kitu. Nikaisugua, nikaituma. Mimi mwenyewe sikuweza kuja.”

Mwanvua hakuwa akimfikiria Agnesi tena, alikuwa akimfikiria Anita. Nivumilie kidogo, dada. Sasa alielewa ni uvumilivu wa nini. Anita hakuwa mzembe. Alikuwa akitafuta kitu cha kuweka ndani, katika nyumba ambayo hata panya walikuwa wamehama, na hakuweza kuirudisha kavu kwa sababu Mwanvua ndiye Mwanvua. Sufuria ilikaa kwa adabu mpaka korti ikaikuta. Na yule aliyekosa adabu ndiye aliyerudisha chombo cha mtu kwa wakati wake. Alijaribu kulipindua jambo hilo upande wa pili aone kama lina makosa, hakuyaona. Mama yake alikuwa amempa kanuni, hakumwambia kama ina mlango wa nyuma.

Karoli akamuuliza Agnesi kama anaelewa kwamba sufuria ikitoka, sehemu yake inapungua. Agnesi akasema anajua kuhesabu, anauza mawese. Karoli akamgeukia Rachidi. Rachidi akakuna kidevu, akamwangalia mtu wa mizani, akamwangalia Agnesi ambaye alikuwa akipoteza kama yeye.

“Toeni,” akasema. “Lakini kiti aache.”

Mwanvua akaacha kiti. Mtu wa vyuma chakavu akahamia kwenye mapipa, bila chuki.

Karoli, ambaye ni mtu wa kukamilisha kazi, akamkumbusha kwamba hata hivyo Revokatus anadaiwa kodi ya sufuria tangu siku ya matanga. Akitaka, anaweza kuingia kwenye musururu na wengine na kupata kipimo chake. Mwanvua akauliza kipimo hicho kitakuwa kiasi gani. Karoli akafikiri, akasema labda kiberiti. Mwanvua akasema kiberiti anacho, wagawane.

Sufuria ile haibebwi na mtu mmoja. Mwanvua alishika mshikio, akaangalia nani atashika wa pili. Yonasi alikuwa anakuja, lakini Agnesi alikwisha kuinama.

“Tupitie kwangu kwanza,” Agnesi alisema chini chini. “Iko mawese, iko maharage. Isiende kavu mara ya pili.”

“Sina nafasi ya kupitia kwa mutu. Iko na arusi Jumamosi, na hii imekaa na ukoko wa matanga ndani, nitaisugua mpaka lini?”

Wakaibeba mpaka njiani, wakaitua kupumzika ukingoni mwa barabara, ambapo pikipiki zinapita na magunia ya muhogo. Agnesi akafungua mkoba wake. Alikuwa na ndagala, dagaa wa ziwani, zilizokauka, alizonunua asubuhi kwa chakula cha mchana, zimefungwa kwenye gazeti. Hakupima. Akafungua gazeti juu ya sufuria, akazimimina zote, zikagonga alumini kwa mlio mwembamba.

Mwanvua akainama akatazama ndani, kama alivyotazama siku ile ya baiskeli. Akaingiza mkono mpaka chini, akachukua ndagala moja, akaitafuna na kichwa chake.

“Hazina chumvi,” akasema.

“Chumvi utanidai.”

“Sikudai tena kitu, Mama Eliana. Nimechoka kudai bila kusema.” Akafuta mkono kwenye kitenge. “Wewe una watu wa mawese wanaoshuka Nyanza-Lac?”

Agnesi akasema anao, wanashuka kila wiki.

“Basi wamupitie Anita kwa wazazi wake. Wamwambie sufuria imefika nyumbani, na imefika na kitu ndani. Ndagala. Wamwambie ni zake. Asitafute tena.”

Agnesi akarudia ujumbe kwa sauti ili asiusahau. Kisha wakashika mishikio, mmoja huku, mmoja kule, wakaendelea na njia, na kila walipokanyaga shimo ndagala ziliruka ndani ya Bi Mkubwa na kurudi chini.